Plagi ya nne: shajara ya Forester yangu hapa Mwanga, Kigoma

Plagi ni kile kidude kinachotoa cheche ya kuchoma petroli ndani ya silinda. Gari ni Subaru Forester ya 2004, injini EJ20 isiyo na turbo. Dashibodi inasoma kilomita 187,000 na ushei. Lilisoma ngapi siku linapandishwa meli kule Japani, Mungu ndiye anayejua. Gereji ni chini ya mwembe, uani kwangu. Fundi mkuu ni mimi, mwalimu wa sekondari ambaye hadi mwezi huu kazi kubwa kuliko zote niliyowahi kuifanya kwenye gari ni kubadilisha tairi. Msaidizi ni mpwa wangu wa kidato cha tatu, kijana mwenye mikono myembamba. Hiyo mikono ikumbukeni, itarudi.

Jumatatu

Linamisi, yaani injini inakosa mipigo. Nilianza kulihisi wiki iliyopita, nikajidanganya kwamba ni barabara. Leo nimetoka stesheni kupanda Mwanga, gari likakosa pumzi katikati ya kilima. Nakanyaga mafuta, linakohoa. Bodaboda aliyepakia mikungu miwili ya ndizi na abiria juu akanipita, abiria akageuka kunitazama.

Likiwa sailensa, yaani linaunguruma bila kukanyagwa mafuta, usukani unatetemeka na funguo zinagongana. Subaru zina mlio wao wa kukoroma ambao sisi wenye nazo tunaupenda. Leo mkoromo una kupaliwa ndani yake.

Taa ya injini siku zote ilikuwa inawaka tu, imetulia. Leo ikawa inapepesa. Hapo ndipo nilipoacha kujidanganya. Taa ikiwaka na kutulia unaweza kufika nyumbani ukaulizia kesho. Ikipepesa maana yake kuna silinda haichomi, petroli inapita mbichi hadi kwenye ekzosi, inakwenda kuungulia ndani ya katalisti, kile kisafisha moshi, na kuiharibu. Nimeliegesha.

Jumanne

Fundi amekuja na mashine yake ya kupimia, akaichomeka chini ya dashibodi. Kodi ya hitilafu: P0304. Tarakimu ya mwisho ndiyo silinda, kwa hiyo ni ya nne.

Kwa asiyezijua injini hizi: silinda zake zimelala. Mbili ziko kulia, ya 1 mbele na ya 3 nyuma. Mbili ziko kushoto, ya 2 mbele na ya 4 nyuma. Upande wa kushoto umesogea nyuma kidogo kuliko wa kulia, kwa hiyo ya 4 ndiyo ya mwisho kabisa, imejibanza kule karibu na ukuta wa kabini. Toyota ya jirani yangu ukifungua boneti unakuta koili, zile zinazozalisha umeme wa cheche, zimejipanga juu kama chupa kwenye kreti. Kwangu ukifungua boneti huoni plagi hata moja. Zinatazama pembeni, uso kwa uso na chasisi, na kati ya hedi (kichwa cha injini zinamofungwa plagi) na chasisi pana nafasi ya kupitisha mkono wa mtu aliyefunga.

Fundi akatoa hukumu: koili imekufa, tununue. Na kama nataka plagi nazo ziangaliwe, lazima alegeze maunti zinazoishikilia injini na kuinyanyua injini kwa jeki. Ufundi laki moja na nusu, koili mbali.

Nikamwambia koili siiamini. Koili ya gari hili ni moja, imekaa juu ya manifodi (mabomba ya kuingizia hewa), na inachoma kwa jozi: 1 pamoja na 2, 3 pamoja na 4. Cheche moja inafanya kazi, ya pili inapotea bure kwenye silinda inayotoa moshi. Jozi ya 3 na 4 ikifa, zote mbili zitamisi. Hapa imelalamika ya 4 peke yake.

"Mwalimu, hiyo ni nadharia," akasema.

"Na hiyo koili uliyoihukumu bila kuishika, ni nini?"

Akacheka, akakubali soda, akaondoka. Hatukugombana. Ila nilimwambia jambo moja ambalo naliandika hapa kwa sababu litakuja kunirudia: kwamba plagi haziwezi kuwa tatizo, maana miezi minane iliyopita nililipia plagi nne mpya kwenye gereji moja, na risiti ninayo.

Alhamisi

Nimenunua plagi. Mantiki yangu: kama sifungui, sitajua, na kama nitafungua, nisifunge za zamani.

Nilichotaka ni NGK BKR6E-11. Hayo maandishi siyo mapambo. BK ni thredi (mikato ya skrubu) ya milimita 14 na kichwa cha soketi ya 16. R ni rezista ya kuzuia redio isikwaruze. 6 ni kiwango cha joto, na kwa NGK namba ikipanda plagi inakuwa ya baridi zaidi, kinyume na mtu anavyotarajia. E ni urefu wa thredi, milimita 19. Na 11 ya mwisho ni mwanya ambao cheche inauruka: milimita 1.1. Mtu ukishajua kusoma hivyo, muuza duka hawezi kukwambia "hii na hii ni sawa tu, mkuu."

Duka la kwanza walikuwa nazo, bei nzuri mno. Nikazitoa kwenye boksi. Waya wa juu wa moja ulikuwa umekaa upande, haukuelekea katikati ya pini. Washa ya chini, ile pete ya chuma, ikachomoka yenyewe nilipoigeuza, ilhali ya plagi halali imebanwa isitoke kirahisi. Maandishi kwenye kauri yanafutika kwa kidole chenye mate. Nikarudisha, nikashukuru. Duka la pili ziko sawa, bei imezidi kwa elfu nne kila moja. Nimelipa. Plagi bandia inaweza kuvunjika kauri ndani ya silinda, na hapo utaukumbuka huo ubahili wa elfu nne.

Kulikuwa na za iridiamu pia, zinazoweza kwenda kilomita laki moja. Niliziangalia kwa hamu. Lakini injini yenye umri huu na ambayo sijajua ndani yake kuna nini, nikaona hizi za nikeli zinatosha. Zikiharibika kwa kosa langu, hasara ni ndogo.

Jumamosi, asubuhi

Saa kumi na mbili na nusu tumeshafungua boneti. Injini imelala usiku kucha na ni ya baridi kabisa, na hilo silo suala la starehe: hedi ni aluminiamu, plagi ni chuma, na ukichomoa ikiwa ya moto unaweza kutoka nayo pamoja na thredi za hedi.

Tumeanza kulia kwa sababu ndiko rahisi. Boksi la filta ya hewa limetoka, bomba lake, soketi ya sensa. Mpwa amepiga picha kila hatua kwa simu na kuandika namba 1 hadi 4 kwenye vipande vya selotepu, kila waya na chake.

Halafu vumbi. Huu ni wakati wa kiangazi na gari linatoka njia za Kasulu kila mwezi. Kuzunguka mashimo ya plagi kulikuwa na udongo mwekundu unaoweza kuotesha mchicha. Ukichomoa plagi na udongo huo, unaingia silinda moja kwa moja. Hatuna kompresa. Tumechukua pampu ya baiskeli, tukafunga mrija mwembamba mdomoni, mmoja anapampu mwingine anaelekeza. Robo saa. Nusu ya vumbi la wilaya likaishia kwenye macho yangu, lakini mashimo yakawa safi.

Plagi ya 1. Waya wake una mkia mrefu wa mpira. Unashika mpira, unauzungusha kidogo kulia na kushoto, ndipo unavuta. Ukivuta waya wenyewe unaukata ndani bila kujua. Soketi ya 16 yenye mpira ndani, ekstensheni (fimbo ya kurefusha) ya inchi sita, racheti (mpini wa meno wa kuzungushia). Dakika kumi.

"Mjomba, hii mbona kama mpya?"

"Ni mpya. Ina miezi minane tu."

Rangi ya kahawia iliyopauka, kama biskuti. Ndiyo rangi unayoitaka. Nikajisikia vizuri, nikaagiza chai.

Plagi ya 3. Hapa ekstensheni haiingii ikiwa imeungwa, chasisi inaikatalia. Nilijaribu kila pembe kabla ya kuelewa kwamba zana haiungwi nje ikaingizwa; inaungiwa mle mle ndani. Soketi peke yake inatangulia shimoni, kwa vidole. Kisha ekstensheni fupi ya inchi tatu inaifuata, unasikia *tk*. Racheti mwisho. Kutoka ni kinyume chake. Ukishalijua hili nusu ya ugumu umeisha, na hakuna aliyeniambia. Dakika arobaini.

Imetoka. Kichwa kina kutu. Chapa siyo ile. Pini ya kati, inayotakiwa kuwa na kingo kali kama senti mpya, imeliwa ikawa duara kama ncha ya kidole. Nikapima mwanya kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia: 1.6. Mwenzake wa mbele ni 1.1.

Mpwa ananitazama. Mimi naitazama plagi. Hiyo haina miezi minane. Hiyo imeliona ziwa hili miaka mingi kuliko ndoa yangu.

Jumamosi, mchana

Kabla hatujagusa upande wa kushoto mpwa akapendekeza tuwekeane soda: ya 2 itakuwa mpya na ya 4 itakuwa kongwe. Nikakataa. Nani aweke soda dhidi ya hilo?

Betri imetoka (hasi kwanza, siku zote hasi kwanza). Plagi ya 2: mpya.

Yaani fundi yule wa miezi minane iliyopita alibadilisha mbili za mbele, zile zinazofikika, akaziacha mbili za nyuma, akaniandikia nne. Nikawa na hasira ya takriban saa nzima. Nilipanga maneno ya kwenda kumwambia, maneno mazuri, yenye mpangilio wa utangulizi, kiini na hitimisho. Halafu nikaanza kupambana na ya 4, na kadiri jua lilivyozidi kupanda ndivyo nilivyozidi kumwelewa. Sijamsamehe, hela ni hela. Ila nimemwelewa.

Waya wa 4 umetoka ukiwa umelowa oili. Mpira wa mkia wake umevimba na kulainika kama ugali wa jana. Nikatumbukiza kitambaa kwa bisibisi, kikatoka cheusi. Nikarudia mpaka kikatoka kikavu.

Soketi ikaingia. Ekstensheni ikaingia. Nikavuta kurekebisha, ekstensheni ikatoka peke yake. Soketi imebaki shimoni, imeng'ang'ania plagi kwa ule mpira wake wa ndani. Nusu saa ya kuichokoa kwa vidole ambavyo havifiki. Suluhisho lilikuwa la kijinga: nikavingirisha selotepu ya umeme kwenye ncha ya mraba ya ekstensheni ikawa nene, nikaisukuma kwa nguvu, ikabana, ikatoka na soketi yake. Tangu hapo kila kiungo nimekizungushia selotepu.

Kisha racheti. Hapa ndipo nilipokwama na ndipo siku ilipoishia. Racheti yangu ina meno 24. Gawa 360 kwa 24: kila jino ni nyuzi 15, sawa na mkono wa dakika wa saa kusogea dakika mbili na nusu. Kwenye shimo la 4 mpini unagonga chasisi upande huu na bomba upande ule, na katikati unapata mwendo wa dakika mbili. Kwa hiyo racheti haifiki jino linalofuata. Inakwenda na kurudi, haijafanya kazi yoyote, kama mtu anayetikisa kichwa. Nimeitikisa hivyo hadi adhuhuri ikapita nikidhani plagi imeganda, kumbe sikuwa nimeizungusha hata kidogo.

Nimefunika injini kwa turubai. Mashimo yamezibwa kwa vitambaa safi, na tumevihesabu.

Jumapili

Baada ya ibada nimekwenda mtaa wa Gungu kwa fundi pikipiki mmoja ninayefahamiana naye. Ana racheti ndogo ya meno 72. Nyuzi tano kila jino, haifiki hata dakika moja ya saa. Akaniazima bila maneno mengi.

Mkono wangu na racheti ile haviingii pamoja. Kimoja kinaingia, kingine kinabaki nje.

"Mjomba, wangu unaingia."

Ukaingia. Hadi karibu na kiwiko. Alikuwa haoni kitu, amegeuza uso pembeni, shavu limelala kwenye kava ya injini, anasoma kwa vidole. *Trr. Trr. Trr.* Nikamwambia asivute kwa pupa. Plagi iliyokaa miaka mingi ukiipa nguvu ghafla kwa mshazari unapasua kauri. Akatulia. Kukatoka sauti kama ya kuvunja mua, mimi moyo ukasimama.

"Imelegea, mjomba."

Dakika tano baadaye tunayo mkononi. Chapa ni ile ile ya plagi ya 3, mwanya 1.7. Lakini kuna zaidi. Oili iko juu, kwenye kauri ya nje; kule chini kwenye pini ni pakavu. Hiyo ni habari njema, na nilikaa chini kwenye ndoo niifurahie. Oili ikiwa kwenye pini inatoka ndani ya silinda, unazungumzia ringi za pistoni au sili za valvu, unazungumzia kushusha injini. Oili ya nje inatoka juu: kwenye tapeti kava, kifuniko cha hedi, kuna sili ya mpira inayozunguka bomba la kila plagi, inakauka kwa umri, oili inavuja kidogo kidogo na kujaza shimo.

Na juu ya kauri hiyo, kutoka kichwani hadi kwenye chuma, kuna mstari mweusi mwembamba kama nywele. Hiyo ndiyo njia cheche iliyokuwa inapita. Umeme ni mvivu kama sisi wote: mwanya umekuwa mpana, mpira wa waya umelainika kwa oili, kwa nini uruke milimita 1.7 ndani ya silinda iliyojaa presha wakati unaweza kuteleza nje ya kauri ukafika kwenye hedi? Ndiyo P0304 yetu. Koili haina kosa lolote.

Plagi mpya peke yake haitoshi basi. Nikifunga plagi mpya kwenye mpira ule ule, cheche itachora mstari mpya. Nimeagiza seti ya nyaya kutoka maduka ya spea ya Gerezani, Dar es Salaam. Zinakuja na basi.

Jumatatu hadi Alhamisi

Nimekwenda shuleni kwa bodaboda. Kutoka Dar ni zaidi ya kilomita 1,200, na mzigo umeshuka stendi Alhamisi jioni, boksi limebonyea pembe moja, ndani salama.

Ijumaa, alasiri

Jirani yangu mzee wa reli, mstaafu, amekuja na kigoda chake kukaa kutazama. Nikamwamkia, akaitikia, akachungulia injini kwa muda.

"Mwanangu, hiyo plagi utaianzisha vipi usipoiona?"

Nilikuwa sijafika huko. Thredi za hedi ni laini. Ukiianza plagi kwa soketi na racheti huku imekaa upande, unaikata njia yake mpya na umeiua hedi. Mzee akaenda kwake akarudi na kipande cha mpira wa petroli, kama shibiri moja na nusu. Unaichomeka plagi kichwa chake kwenye mpira, unaishusha shimoni, unauzungusha mpira kwa vidole viwili. Plagi ikikaa sawa inajiviringa yenyewe ndani. Ikikaa upande, mpira unateleza kabla thredi haijaumia. Kwanza unazungusha kinyume, taratibu, mpaka usikie thredi zimedondokeana, *kt*, ndipo unageuza. Zana bora kuliko zote za wiki hii, na haina bei.

Tukatofautiana kwenye grisi. Mzee alitaka thredi zipakwe grisi, ili anayekuja kesho asiteseke kama mimi. Ushahidi wake ulikuwa Liemba, meli kongwe ya Ziwa Tanganyika: Wajerumani walipoizamisha wenyewe mwaka 1916 walipaka mitambo yake grisi nzito, ikatolewa majini 1924, na 1927 ikarudi kubeba watu. Huwezi kushindana na hoja hiyo ukiwa Kigoma. Nikamwambia tu kwamba plagi hizi thredi zake zimeshapakwa madini kiwandani na NGK wenyewe wanasema zifungwe kavu, kwa sababu ikiwa na grisi inateleza, unakaza kupita kiasi bila kujua, na ya kupita kiasi inanyoosha thredi. Akasema, "Sawa, ni gari lako." Kwa heshima yake nilipaka grisi ya silikoni ndani ya mipira ya nyaya, ambako inaruhusiwa na inasaidia mpira usigande kwenye kauri. Akaridhika nusu.

Kukaza. Kitabu cha gari kinasema nyutoni-mita 21. Sina torki renchi, spana ya kupimia nguvu hiyo, na sikumpata wa kuniazima. Njia ya mkono: kaza kwa vidole mpaka plagi iguse kikomo, kisha nusu mzunguko, ukizidi sana theluthi mbili, kwa washa mpya. Unahisi washa inabonyea, kisha inakuwa ngumu. Hapo acha. Mpwa nilimfanyisha mazoezi kwenye plagi ya 2 kwanza, inayofikika, ili mkono wake ujue hisia hiyo kabla ya kwenda gizani kwenye ya 4.

Nimefunga zote nne mpya. Zile mbili za mbele za miezi minane nimezihifadhi kwenye boksi la glavu, ni nzima.

Saa kumi na moja na nusu tumerudisha betri, boksi la filta, kila kitu. Nikapiga starta.

Likawaka, na likatikisika mara mbili ya zamani. Harufu ya petroli, *pwa!* kwenye ekzosi, kuku wa jirani wakatawanyika. Nikazima. Mzee hakusema kitu, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi.

Tulitembea waya kwa waya kwa kidole, kutoka plagi hadi kwenye koili, ambako namba zimechorwa kwenye plastiki. Wa 2 na wa 4 vimebadilishana. Mimi mwenyewe, siyo mpwa. Selotepu zake zilikuwa kwenye nyaya za zamani, na mimi nilifunga mpya kwa kukisia urefu. Ajabu ya injini hii ni kwamba ningekosea 3 na 4, isingejua kabisa, maana ni jozi, zinachomwa pamoja. Lakini 2 na 4 ni za jozi tofauti, kwa hiyo silinda zote mbili za kushoto zilikuwa zinapata cheche wakati usio wao. Gari lilikuwa linaendeshwa na upande wa kulia peke yake.

Nikabadilisha. Starta.

Dakika mbili za kwanza sailensa ilipanda na kushuka, maana betri ilitolewa na kompyuta ilikuwa inajifunza upya. Kisha ikatulia. Mpwa akaweka shilingi mia ya sarafu juu ya kava ya manifodi, ikabaki pale pale. Haikusimama kwa ubavu kama zile video za watu, ilikuwa imelala tu, lakini haikutembea.

Redio imesahau kila kitu. Redio hizi za Japani FM zake zinaishia 90, kwa hiyo kilichosahaulika hakikuwa kingi.

Jumamosi

Stesheni hadi Mwanga, kile kile kilima. Likapanda likikoroma vizuri, bila kupaliwa. Nikaendelea hadi Mwandiga, nikashika njia ya Kasulu kama nusu saa, nikageuza. Taa ya injini imezimika na haijarudi.

Nilipitia ile gereji ya miezi minane iliyopita. Sikutoa hotuba. Nilimwonyesha plagi ya 3 na ya 4 kwenye kiganja, nikamwonyesha risiti. Akazitazama.

"Mwalimu, zile za nyuma nilizikuta bado nzuri."

"Ulizionaje bila kuzifungua?"

Akakuna kichwa, akanirudishia hela ya plagi mbili. Ya ufundi hakuirudisha na sikuidai. Alipouliza ya 4 nimeitoaje bila kunyanyua injini, nikamweleza: soketi kwanza, ekstensheni fupi, racheti ya meno 72, na mtoto wa miaka kumi na sita. Akasema hiyo ya mwisho hana.

Jumatano, nyongeza

Nimechomoa waya wa 4 kuangalia. Chini kuna oili kidogo, ya kulowanisha ncha ya kitambaa. Sili za tapeti kava zinakuja likizo ijayo. Hadi hapo nitakuwa nakausha shimo kila baada ya wiki mbili. Mpwa ameshaniambia bei yake ya mkono imepanda.

Kipande cha mpira kimerudi kwa mzee. Racheti bado ninayo; mwenyewe hajaiuliza.